Alaimenti ya 3D kwa gari lenye mtungi wa gesi: kipimo kizuri, uzito umesahaulika

Kwenye gereji nyingi za matairi Dar es Salaam siku hizi utakuta mlingoti wenye kamera mbele ya rampu, sahani nne za kuakisi zimebanwa kwenye rimu, na skrini yenye namba za kijani na nyekundu. Hiyo ndiyo alaimenti ya 3D, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu kwa kamera. Tathmini hii inaihusu huduma hiyo kama inavyouzwa kwa magari madogo yaliyofungwa mfumo wa gesi asilia: IST, Vitz, RAV4, Forester na wenzao wanaobeba mtungi kwenye buti usiku na mchana. Tuanze na uamuzi wenyewe. Mashine inapima vizuri sana. Kazi inayofanywa juu yake mara nyingi ni nusu, na nusu inayokosekana ni uzito.

Mtungi wa chuma una uzito wa takriban kilo 1 kwa kila lita ya ujazo wake. Mtungi wa lita 60 basi ni kama kilo 60. Gesi ikijazwa kwa presha ya bar 200 inaongeza kama kilo 10, na fremu ya kuushikilia inafikisha jumla kwenye kilo 75 hivi. Ni mtu mzima mmoja aliyelala nyuma ya siti na hashuki. Tena hakukaa juu ya ekseli, yuko nyuma yake. Kwenye IST ya toleo la kwanza, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,370. Mtungi ukikaa milimita 300 nyuma ya ekseli, ekseli ya nyuma inapokea kama kilo 84, wakati ya mbele inapunguziwa kama kilo 9. Zile kilo 9 za ziada zimetoka mbele, kama mtoto anavyomnyanyua mwenzake kwenye pembea ya ubao. Kwa hiyo ukifunga mtungi, magurudumu yote manne yamebadilishiwa kazi, hata yale mawili ya mbele ambayo hakuna aliyeyagusa.

Vipimo vinavyosumbuliwa ni vitatu. Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele: sehemu ya juu ikiingia ndani ni kemba hasi, ikitoka nje ni chanya. Tou ni uelekeo wa magurudumu ukiyatazama kutoka juu: pua zake zikikaribiana ni tou ya ndani, zikiachana ni tou ya nje. Kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu la mbele linauzungukia wakati wa kukata kona, ukiutazama kutoka ubavuni. Fundi anapokaza nati ya tairodi, chuma kinachounganisha stelingi na gurudumu, anachokaza ni urefu wa chuma. Kimo cha gari hajakigusa, kwa sababu kimo kinaamuliwa na springi na uzito. Gari likishuka sentimita 3, mikono ya chini, vile vyuma vinavyoshika magurudumu kwenye bodi, inabadilika pembe, na vipimo vyote vitatu vinahama pamoja nayo hata kama hakuna nati iliyolegea.

Vinahama kiasi gani? Inategemea gari limeundwaje chini, na hapa ndipo huduma ile ile inapokuwa na thamani tofauti kwa magari tofauti.

IST na Vitz zina bimu nyuma. Magurudumu mawili ya nyuma yameshikwa na chuma kimoja kipana kinachoweza kujipinda kidogo. Uzito ukiyashusha yote mawili kwa pamoja, kemba na tou ya nyuma hubaki karibu palepale. Kwa hiyo tairi la nyuma la IST likila ndani, mtungi usiulaumu kwanza. Angalia beringi ya habu (kitovu cha gurudumu), bushi za bimu (mipira kwenye maungio yake), au bimu yenyewe kama iliwahi kugongwa kwenye shimo au ukingo wa barabara. Kinachobadilika kwenye IST ni mbele. Tuseme nyuma imeshuka milimita 30 na mbele imepanda milimita 5: hiyo ni tofauti ya milimita 35 kwenye urefu wa 2,370, yaani gari zima limeinama nyuma karibu nyuzi 0.85. Kasta inaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Dereva ataona stelingi inarudi yenyewe kwa nguvu zaidi baada ya kona, na madereva wanaokuja usiku watamwashia taa kila baada ya dakika, kwa kuwa taa zake zimepanda pamoja na boneti. Gereji inayomaliza alaimenti ya gari la gesi bila kushusha taa haijamaliza kazi.

RAV4 ya mwaka 2006 hadi 2012, Forester kuanzia toleo lenye msimbo SH, na CR-V ni habari nyingine. Kila gurudumu la nyuma limeshikwa peke yake na mikono yake, na mikono hiyo imepangwa makusudi ili gurudumu lizidi kulala ndani kila gari linaposhuka. Kwenye kona jambo hilo ni zuri, linaweka tairi vizuri barabarani. Kwenye gari ambalo limeshuka moja kwa moja kwa sababu ya mtungi, maana yake ni kwamba kemba hasi haiondoki. Kushuka sentimita 3 kunaweza kuongeza nusu nyuzi au zaidi, na tou nayo haibaki ilipokuwa. Weka abiria watatu nyuma na mizigo ya safari ya Dodoma, utaona kwa macho jinsi magurudumu ya nyuma yalivyobana vichwa ndani.

Watu wengi wanaiogopa kemba kuliko tou, na ni kinyume. Tou ndiyo inayokula tairi haraka. Gurudumu lenye tou ya nyuzi 0.1 tu linaburutwa ubavu mita 1.75 kwa kila kilometa. Nyuzi 0.1 kwenye tairi lenye kipenyo cha milimita 660 ni kama milimita 1.15, unene wa kadi ya benki moja na nusu. Ikiwa nyuzi 0.3, ni mita 5.2 kwa kilometa. Kutoka Dar hadi Morogoro, kama kilometa 190, tairi hilo limeburutwa ubavu karibu kilometa nzima. Kemba peke yake, kama tou iko sawa, huila bega la ndani taratibu. Zikikutana zote mbili ndipo balaa linapoanza: kemba hasi inahamishia uzito kwenye bega la ndani, tou inaliburuta bega hilo hilo, na unakuja kugundua siku nyaya zinapochungulia upande wa ndani wakati upande wa nje bado una kashata (meno ya tairi) nzima.

Kabla hata ya kulipia mashine, kiganja kinatosha kukuambia mengi. Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi, kutoka ubavu wa nje kwenda ndani, halafu rudisha. Ukiona upande mmoja ni laini na kurudi kunakwaruza kama magamba ya samaki, hiyo ni tou. Laini kuelekea ndani ni tou ya ndani imezidi. Laini kuelekea nje ni tou ya nje. Kama hakuna magamba kabisa ila bega moja limelala kama mteremko, hiyo ni kemba, au presha ya upepo haikuwa sawa ikiwa mabega yote mawili yamelala.

Sasa turudi kwenye huduma. Kamera zenyewe hatuna ugomvi nazo. Zinaona sahani kwa usahihi mkubwa, na gari husukumwa kidogo tu nyuma na mbele ili mashine iondoe kasoro ya rimu iliyopinda. Ubora unaanza kupotea kwenye vitu vinavyoizunguka mashine.

Rampu ni kitu cha kwanza. Sahani za chini ya magurudumu zikitofautiana kimo milimita 5 kati ya kushoto na kulia, kwenye gari lenye upana wa milimita 1,500 kati ya matairi, kemba inasomeka na kosa la karibu nyuzi 0.2: upande mmoja inaongezwa, upande wa pili inapunguzwa. Gari litaondoka na karatasi nzuri na bado litavuta. Rampu iliyokaa juu ya zege lililodidimia upande mmoja ni sababu tosha ya kutafuta gereji nyingine. Sahani za kuzunguka, hizo hizo za chini ya magurudumu, ni kitu cha pili. Baada ya gari kupanda, pini za sahani lazima zing'olewe, na mbele na nyuma ya gari zibonyezwe mara tatu au nne ili springi zikae. Gari lililotoka kwenye jeki bila kubonyezwa hubaki limenyanyuka, kwa kuwa matairi yamebana sahani na hayawezi kuteleza kwenda nje. Kemba unayoisoma hapo ni ya gari lililosimama vidole.

Kitu cha tatu ni data. Skrini hulinganisha gari lako na takwimu za kiwanda, na takwimu hizo ni za gari ambalo halijafungwa chochote. IST iliuzwa Marekani kwa jina la Scion xA, na kwenye baadhi ya mashine utalipata kwa jina hilo. Fundi asiyejua anachagua Vitz yoyote na kuendelea. Angalia jina la gari juu ya skrini kabla hujafurahia kijani.

Na usisome namba kwa haraka. Mashine nyingine huandika nyuzi na dakika, nyingine huandika nyuzi kwa desimali. Nyuzi moja ina dakika 60. Kwa hiyo 0°30' ni nusu nyuzi, wakati 0.30 ni dakika 18 tu. Karatasi mbili kutoka gereji mbili zinaweza kuonekana zinapingana kumbe zinasema jambo lile lile, na zinaweza kuonekana zinafanana kumbe haziko karibu.

Uzito wenyewe karibu hauulizwi popote. Swali la kwanza la fundi lingepaswa kuwa: gari hili linatembea na nini ndani yake siku nyingi? Kiwanda cha BMW kwa mfano, kwa magari yake ya miaka ya nyuma, kiliagiza alaimenti ipimwe gari likiwa na kilo 68 kwenye kila siti ya mbele, kilo 68 katikati ya siti ya nyuma, kilo 21 kwenye buti na tangi limejaa. Vitabu vya Toyota vinaagiza kimo cha gari kipimwe kwanza, na kisiposawazika usiguse pembe. Maana yake wenye kutengeneza magari wanajua kwamba pembe bila kimo haina maana. Gereji inayoruka hatua hiyo inakuuzia namba za gari ambalo hutembei nalo.

Kimo kipimwe kutoka katikati ya kifuniko cha habu hadi ukingo wa matiadi (bodi inayofunika gurudumu) juu yake, magurudumu yote manne. Usipime kutoka chini, presha ya tairi itakudanganya. Tofauti ya kushoto na kulia ikizidi milimita 10, simamisha kazi utafute springi iliyokatika au iliyochoka. Springi ya nyuma ya gari la gesi huchoka mapema, na mara nyingi hukatika mzunguko wa mwisho kabisa chini, ndani ya kikombe chake, ambapo huoni mpaka uinyanyue bodi na kupitisha kidole. Alaimenti juu ya springi iliyokatika ni pesa iliyotupwa.

Jinsi kazi inavyopaswa kwenda ni hivi. Gari lije na mtungi uliojaa na petroli nusu tangi au zaidi. Lita 40 za petroli ni kama kilo 30, si haba kwa gari dogo. Presha ya matairi iwekwe kwa kiwango cha mzigo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Boljointi, tairodi, bushi na beringi zikaguliwe kwa mkono na nondo kabla ya sahani kubanwa, kwa sababu kiungo chenye mchezo wa milimita 2 kinaifuta kazi yote kwenye tuta la kwanza. Kisha lipimwe mara ya kwanza kama lilivyo. Baada ya hapo uongezwe mzigo wa kazi yake: kwa gari la abiria, dereva mwenyewe akae kwenye siti yake, na siti ya nyuma iwekwe mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 ikae kama abiria wawili wepesi. Bonyeza, lipime tena. Karatasi ya pili ikiwekwa kando ya ya kwanza ndiyo inayokwambia gari lako linahama kiasi gani, na ndiyo sehemu ya huduma yenye thamani kuliko zote. Inachukua dakika 10 za ziada na mifuko miwili ambayo kila mtaa unayo.

Ukishajua tofauti hiyo, tou ya nyuma irekebishwe ili ikae katikati gari likiwa na mzigo linaotembea nao kilometa nyingi zaidi, na bado isitoke nje ya mipaka likiwa tupu. Huwezi kupata kilicho bora kwa hali zote mbili, unachagua unakokaa zaidi. Anayebeba abiria kutwa na kurudi tupu usiku achague mzigo. Anayefunga gesi kwa kwenda kazini peke yake achague mtungi na dereva, basi. Mpangilio wa kazi nao una maana: nyuma kwanza, kemba kisha tou, halafu mbele kasta, kemba, na tou mwisho, stelingi ikiwa imefungwa katikati. Ukianza mbele, kila unachogusa nyuma kitahamisha mstari wa gari na stelingi itatoka imekaa kombo.

Kosa linalorudiwa zaidi kwenye Forester na RAV4 ni kukaza boliti za mikono magurudumu yakiwa yananing'inia. Bushi ya mpira imeshikana na chuma chake cha ndani na cha nje. Ukiikaza ikiwa mkono umeshuka, gari likitua bushi inabaki imejipinda muda wote. Inainua gari kidogo, kwa hiyo kipimo cha siku hiyo kinatoka kizuri, halafu mpira unachanika na kipimo kinaondoka nao. Boliti za mikono, pamoja na ekseni (boliti yenye tumbo lisilo katikati, inayosogeza pembe ukiizungusha) ya tou ya nyuma ya Forester, zikazwe uzito wote ukiwa juu ya magurudumu. Rampu ya alaimenti ni mahali pazuri kwa hilo, maana gari limesimama na mtu anaweza kuingia chini.

Kwenye Forester jambo moja zaidi. Kemba ya mbele inarekebishika kwa boliti ya juu kati ya zile zinazofunga strati (nguzo yenye shokapu na springi), imetoka kiwandani na ekseni. Tou ya nyuma ina ekseni yake. Kemba ya nyuma haina kitu. Kwa hiyo gari likishuka nyuma kwa sababu ya mtungi, fundi hana nati ya kugeuza, na akikuambia ameiweka sawa bila kubadilisha kipuri chochote, muulize ameigeuza wapi. Njia ya kweli ni kurudisha kimo: springi nzito zaidi zilizotengenezwa kwa mzigo wa kudumu. Mikono ya kurekebishika inasaidia, lakini inatibu pembe na kuacha gari likiwa limeinama. Baadhi ya Forester za SG, toleo lililotangulia SH, zina shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe, na hizo zinahitaji kueleweka. Zinajaa presha kutokana na mwendo wa gari barabarani, hazijazi gari likiwa limesimama. Ukiweka mzigo juu ya rampu na kupima hapo hapo utapata kimo cha uongo. Lipakiwe, liendeshwe kilometa chache kwenye barabara yenye mawimbi, kisha lipande. Na zikifa, nyuma hukaa chini hata bila mzigo, kwa kuwa springi zake zilitengenezwa nyepesi zikitegemea shokapu isaidie.

Raba za kuingiza katikati ya mizunguko ya springi, zile zinazouzwa barabarani, hatuzipendekezi. Zinainua gari, hilo ni kweli, ila zinafanya hivyo kwa kuizuia mizunguko miwili isifanye kazi, na mzunguko wa jirani unabeba kazi yao mpaka unakatika. Spesa ya juu au chini ya springi ni afadhali, mradi isizidi sentimita 2 na shokapu isifike mwisho wake gari likinyanyuliwa.

Tuje kwenye bidhaa inayouzwa pamoja na huduma hii: boliti za kemba. Zinawekwa mahali pa moja ya boliti mbili zinazofunga strati kwenye nakeli (chuma kinachobeba habu), na mwili wake ni mwembamba au una tumbo la ekseni, ili nakeli ipate nafasi ya kulala kidogo. Toyota yenyewe inazo za magari kama IST: kichwani zina nukta 1, 2 au 3, na kila hatua inabadilisha kemba kwa takriban dakika 15. Hizo ni nzuri, maana hazina tumbo la kuteleza. Za kununua nje zenye ekseni hutoa nafasi kubwa zaidi, lakini mwili wake mwembamba unabana kwa nguvu ndogo kuliko boliti ya asili. Weka moja kwa kila upande, kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yake na si kipimo cha boliti ya zamani, piga alama ya rangi kati ya kichwa na strati, kisha rudi kuitazama baada ya kilometa 100. Alama ikiwa imeachana, boliti imeteleza na alaimenti haipo tena. Kutanua tundu la strati kwa tupa au grainda ili kupata kemba ni hatari tupu, na gereji inayofanya hivyo iachwe.

Kwa bimu ya IST iliyopinda, dawa ni shimu nyembamba yenye unene usio sawa, inayokaa kati ya bimu na habu. Inarekebisha kemba na tou kwa pamoja kulingana na ulivyoizungusha. Ikishawekwa, sensa ya ABS na sahani ya breki vikaguliwe nafasi yake. Kunyoosha bimu kwa jeki na mnyororo tumekuona kunasifiwa sana mitaani. Chuma kile kinafanya kazi kama springi ya kujipinda, na kikishavutwa kwa nguvu hakirudi na tabia yake.

Kwa pikapu tutapita haraka, kwa sababu nyuma zina ekseli moja ngumu juu ya springi za majani na kemba yake haihami kwa mzigo. Ila usidhani zimesalimika. Hilux ya milango minne ina milimita 3,085 kati ya ekseli. Pakia mpaka nyuma ishuke milimita 60 kuliko mbele, na kasta imeongezeka nyuzi 1.1, magurudumu ya mbele yamening'inia kidogo, kemba yake inaelekea chanya na bega la nje linaanza kuliwa. Bampa la chuma na winchi mbele vinafanya kinyume, bega la ndani. Kwenye Hilux na Prado za kuanzia miaka ya 2000 kila mkono wa chini wa mbele una boliti mbili za ekseni, kemba na kasta zote zinapatikana hapo, mradi hazijashikwa na kutu ndani ya bushi. Gari lililokaa pwani mara nyingi zimeshikwa. Mafuta ya kupenyeza yawekwe siku moja kabla, na bei ya kukata boliti na kuweka mpya ijadiliwe kabla gari halijapanda rampu.

Kwa thamani ya pesa, mwenye IST au Vitz ya gesi atapata anachokihitaji kwenye alaimenti ya kawaida ya 3D ikiwa rampu iko sawa na taa zitashushwa. Mwenye RAV4, Forester au CR-V asilipe kama gereji haipimi kimo na haikubali kuweka mzigo. Pesa hiyo aiweke kwenye springi kwanza. Na asiyepewa karatasi mbili, ya tupu na ya mzigo, aombe, kwa sababu zitamsaidia siku ya kununua matairi mengine: akiweka karatasi hizo pamoja na kipimo cha kina cha kashata ndani, katikati na nje baada ya kilometa 5,000, ataona mwenyewe kama uchaguzi wa mzigo ulikuwa sahihi au tou ya nyuma isogezwe dakika 5 zaidi.